Shajara ya Mradi: Kanuni za Kushughulikia Chuki katika Hadithi za Mashabiki, Mwanza

Februari, wiki ya kwanza

Mradi unaanza na kazi moja: kuandika kanuni za kushughulikia maudhui ya chuki katika jukwaa letu la hadithi za mashabiki, pamoja na utaratibu utakaowawezesha wasimamizi kuzitumia bila kubahatisha. Kwa asiyezifahamu, hadithi za mashabiki ni zile ambazo mpenzi wa tamthilia, katuni au ngano fulani huwachukua wahusika wake na kuwatungia mambo mapya: huwafufua waliokufa, huwapatanisha walioachana, humtoa shujaa Seoul na kumpangishia chumba Mabatini. Waandishi wetu wengi ni vijana wa Mwanza, Geita, Bukoba na Musoma. Wanaandika kwa simu, sura moja baada ya nyingine kadiri bando linavyoruhusu, na wasomaji huwadai sura inayofuata kama abiria anavyomdai konda chenji yake.

Sababu ya kuanza sasa ni hii. Mwandishi mmoja mwenye ualbino, mkazi wa Ukerewe, aliacha kuandika katikati ya hadithi iliyokuwa ikisomwa sana. Chini ya kila sura aliyoiweka, akaunti zilezile zilikuwa zikimwachia neno moja tu: "dili." Msomaji wa Tanga au Mombasa angelipita neno hilo bila kushtuka. Huku Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino wameitwa hivyo barabarani na watu wanaohesabu viungo vyao kuwa bidhaa, na anayeitwa hivyo hahitaji kuelezwa anachoambiwa. Alituandikia kwamba siku hizi simu ikilia kwanza anakwenda kuhakikisha mlango umefungwa. Kanuni tulizokuwa nazo zilikataza matusi na picha za ngono. Neno lile halikuwa tusi, wala hapakuwa na kifungu cha kuliondolea. Akaunti zile zimefungiwa kwa uamuzi wa dharura, lakini jukwaa haliwezi kuendeshwa kwa dharura.

Februari, wiki ya pili

Tumepitia historia ya jumuiya za nje zilizotutangulia, kwa kuwa mengi ya maswali yetu wenzetu wameshayajibu, baadhi kwa gharama kubwa.

FanFiction.Net, tovuti ya hadithi za mashabiki iliyoanzishwa mwaka 1998, iliamua mwaka 2002 kutopokea tena hadithi zilizowekewa alama ya watu wazima pekee, na waandishi wengi wakahama na kazi zao. Kisa cha LiveJournal, jukwaa la blogu, kinatuhusu zaidi. Mei 2007 kampuni hiyo, ikiwa chini ya shinikizo la kuwaondoa wanyanyasaji wa watoto, ilifunga akaunti zipatazo 500 kwa kuangalia maneno ambayo wenye akaunti waliyaorodhesha katika wasifu wao. Katika msako huo walinaswa mashabiki waandishi, wajadili riwaya na vikundi vya watu walionusurika ukatili wa kingono, ambao waliyaandika maneno hayo kwa sababu mambo hayo ndiyo yaliyowapata. Kampuni iliomba radhi na kuzirudisha akaunti nyingi, lakini imani haikurudi kwa kasi hiyo. Ninapenda kila msimamizi wetu mpya akisome kisa hiki kabla ya kupewa uwezo wa kufuta chochote.

Mwaka huohuo wa 2007 ilianzishwa Organization for Transformative Works, ambayo mwishoni mwa 2009 ilifungua Archive of Our Own, maktaba inayoendeshwa na watu wa kujitolea kwa fedha za michango, ambayo sasa ina kazi zaidi ya milioni 10 na ambayo mwaka 2019 ilipewa Hugo, tuzo ya fasihi ya kubuni ya kisayansi na ya njozi. Msingi wake ni kwamba hadithi haifutwi kwa sababu mada yake ni nzito. Mwandishi hutakiwa kutoa tahadhari kuhusu ukatili wa kutisha, ubakaji, kifo cha mhusika mkuu na mambo ya namna hiyo, au atamke wazi kwamba amechagua kutotahadharisha, kisha msomaji huamua mwenyewe kama ataingia. Msingi huu tumeukubali. Fasihi ambayo haiwezi kuonyesha uovu haitatusaidia kuutambua, na kijana wa Sengerema anayeandika kuhusu kipigo alichokishuhudia nyumbani kwao hapaswi kuomba kibali kwa mtu yeyote.

Hata hivyo maktaba hiyohiyo inaonyesha mahali msingi huo unapoishia. Kwa miaka mingi mashabiki weusi na wengine wasio wazungu walilalamika kwamba ubaguzi wa rangi, ndani ya hadithi na katika maoni, haukuwa na mlango wa kupelekwa. Juni 2020, wakati wa maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd, Mmarekani mweusi, mikononi mwa polisi, uongozi wa maktaba hiyo ulitoa tamko na ahadi. Zana za kumzuia mtu na kumnyamazisha zilikuja baadaye. Na Mei 2023 mashabiki walianzisha kampeni ya kudai ahadi zilizobaki zitekelezwe. Tahadhari humwandaa msomaji kukutana na mada, lakini haiwezi kumkinga mtu anayeshambuliwa na mtu mwingine. Tumeamua kwamba kanuni zetu zitatenganisha tangu mwanzo mambo matatu yanayochanganywa kila mara: hadithi nzito, hadithi ya chuki, na mashambulizi dhidi ya mwandishi au msomaji. La kwanza linahitaji lebo, la tatu linahitaji ulinzi wa haraka, na la pili ndilo litakalotuchukulia muda.

Februari, mwisho wa mwezi

Mwenzetu anayeshughulikia programu alitengeneza kichujio cha maneno ili tupime kinaweza kubeba mzigo kiasi gani. Matokeo yanastahili kuandikwa.

Kiswahili hujenga kitenzi kwa viambishi, kwa hiyo tishio moja lina sura nyingi: tutawaua, wauawe, wangeuliwa, tusipowaua. Orodha ya maneno makavu huyakosa hayo yote. Kichujio kilipoelekezwa kutafuta mzizi badala ya neno zima, kiliwakamata waandishi wa mapenzi waliotaja ua la waridi, pamoja na yeyote aliyeandika juu ya ua wa nyumba. Kilipopewa "dili" kiliikamata hadithi nzima ya mfanyabiashara wa dagaa wa mwalo wa Kirumba, iliyo safi kabisa na ambayo mimi binafsi naipenda. Wakati huohuo, mtu mwenye nia mbaya hubadilisha herufi moja kuwa tarakimu na kupita.

Uamuzi: kichujio kitabaki, lakini kazi yake itakuwa kuinua bendera tu ili binadamu asome. Hakitafuta, hakitaficha, na hakitamwandikia mwandishi ujumbe wowote.

Machi, kikao cha Nyegezi

Hiki ndicho kikao kilichoupa mradi mwelekeo, kwa hiyo nitakieleza kwa kirefu. Tulikutana na mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye amekubali kutusaidia kusoma, tukaweka mezani hadithi mbili zilizokuwa zikitugawa.

Ya kwanza imejengwa juu ya ngano ya Kisukuma ya Shing'weng'we, lile zimwi lililomeza watu wote, na Masala Kulangwa, kijana aliyelishinda. Mwandishi ameileta ngano hiyo katika siku zetu. Zimwi lake ni tajiri wa machimbo ya dhahabu anayenunua viungo vya watu, na anayewindwa ni mtoto mwenye ualbino. Kuna sura nzima ya msako wa usiku, mbwa wakibweka, kurunzi zikipita juu ya majani ya mihogo, na maneno ya wawindaji yameandikwa kama yanavyosemwa, bila kufichwa. Wasomaji waliiripoti kuwa ni hadithi ya chuki.

Ya pili haikuripotiwa na yeyote. Ni mapenzi matupu, lugha laini, hakuna damu. Mhusika maarufu wa tamthilia ya Kikorea anaolewa kijijini karibu na Magu, anaugua ugonjwa usiotibika, na hatimaye inagundulika kwamba chanzo ni bibi jirani mwenye macho mekundu. Wanakijiji "wanamwondoa." Mgonjwa anapona, mvua inanyesha, harusi inafanyika upya. Kijiji kimetajwa kwa jina lake halisi, nyumba ya bibi ina mwembe karibu na kisima, na idadi ya wajukuu anaoishi nao imeandikwa. Chini ya sura ya mwisho msomaji mmoja ameandika: "Huyu bibi namjua."

Mwalimu alisoma zote mbili taratibu, akavua miwani.

"Wanangu, hii ya kwanza imenitisha," alisema. "Hii ya pili ndiyo itakayomtia mtu panga mkononi."

Dada mmoja msimamizi akamwuliza, "Lakini Mwalimu, humu hamna hata tusi moja. Tutaiita chuki kwa kigezo gani?"

"Tusi la nini, binti yangu, wakati kijiji kizima kimeshakubaliana na mwandishi?"

Asiye wa huku anapaswa kuelewa uzito wa jibu hilo. Katika Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yamekuwa alama ya kuwatambulia, ilhali macho hayo huletwa na maisha marefu ya kupikia kuni na samadi kavu katika jiko lililojaa moshi. Wapiga ramli chonganishi humtaja bibi, ndugu hugombea shamba, na usiku watu wanakuja. Hadithi ile ya mapenzi ilikuwa imeirudia ramli neno kwa neno na kuipa mwisho wa furaha.

Kutokana na kikao hicho tumepata swali ambalo sasa limeandikwa juu kabisa ya rasimu: chuki hii inamfikia nani nje ya hadithi? Msimamizi hatakiwi kuanza kwa kuhesabu mabaya yaliyomo ndani ya sura. Anatakiwa aulize ni mtu gani aliye hai, au watu wa namna gani walio hai, watakaotembea kesho wakiwa wamepunguziwa usalama kwa sababu ya maandishi haya, na kama hadithi yenyewe inasimama upande gani wa upungufu huo. Katika hadithi ya Shing'weng'we wawindaji wanasema maneno ya kutisha, lakini msomaji amewekwa ndani ya pumzi ya mtoto anayekimbia. Hadithi hiyo imerudishwa, ikiwa na lebo za tahadhari katika kila sura. Mwandishi wake tumemweleza kwamba aliyeiripoti hakuwa adui yake, bali mtu aliyeumizwa na jambo lilelile ambalo yeye anaandika kulipinga.

Hadithi ya pili imefichwa wakati tunajadiliana na mwandishi.

Machi, mwisho wa mwezi

Mwandishi wa hadithi ya pili, kijana mpole kwa maandishi yake, amejibu kwamba yote ni ya kubuni na kwamba aliweka jina la kijiji kwa kuwa ni kijiji chao. Amekubali mara moja kuondoa jina, mwembe, kisima na wajukuu. Hilo limemwondolea hatari bibi mmoja aliye hai, na kwa hilo tunamshukuru. Swali lililobaki ni kama hadithi, ikishatolewa mahali pake, bado ni ya chuki. Wasimamizi waligawanyika kwa nguvu, na sipendi kuificha tofauti hiyo, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na hoja nzito.

Ili mjadala usigeuke kuwa mashindano ya hisia, tumetumia vigezo vya Mpango wa Rabat, waraka uliotokana na mikutano ya wataalamu iliyoandaliwa na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa na kukamilishwa Oktoba 2012 mjini Rabat, Moroko. Waraka huo unafafanua ibara ya 20 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, inayotaka uchochezi wa chuki ya kitaifa, ya rangi au ya kidini upigwe marufuku. Unamtaka anayepima maneno atazame muktadha, msemaji na hadhi yake, nia, maudhui na namna yalivyotolewa, upana wa kusambaa, na uwezekano wa madhara kutokea kweli. Vigezo hivyo viliwekwa juu sana kwa makusudi, kwa kuwa vinahusu kumfikisha mtu mahakamani. Sisi hatuhukumu jinai. Tunavitumia kama njia ya kusoma kwa utaratibu.

Tulipovipitisha juu ya hadithi ile, nia ilionekana kuwa ya kawaida kabisa: kijana alitaka kusimulia mapenzi, na simulizi ya bibi mchawi ndiyo aliyoikuta nyumbani. Hadhi yake ni ndogo, wasomaji wake si wengi. Muktadha na uwezekano wa madhara ndivyo vilivyoelemea upande wa pili, kwa sababu mauaji ya namna hiyo yametokea katika mikoa hiihii wanakoishi wasomaji wetu, na kwa sababu hadithi inatoa alama ya kumtambulia mwathirika pamoja na zawadi kwa wanaomwondoa.

Mwalimu alitukumbusha mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Redio RTLM ilikuwa imetumia vichekesho, nyimbo na lugha ya mtaani kuwazoesha wasikilizaji wake wa Rwanda kuwaona majirani zao Watutsi kuwa wadudu, na miili ya waliouawa ilibebwa na mto Kagera hadi kwenye ziwa hili letu, ikazikwa na wavuvi na wanavijiji wa ufukweni ambao hawakuwa wamesikia hata neno moja la matangazo yale. Desemba 3, 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari katika kesi iliyotokana na matangazo na maandishi ya aina hiyo. Hakuna anayemlinganisha kijana wa Magu na redio ile, na Mwalimu mwenyewe alilisema hilo kwanza. Alichotaka tukishike ni kwamba masimulizi ya kuburudisha yamewahi kufanya kazi ambayo hotuba kali haikuweza kuifanya peke yake.

Uamuzi: mwandishi ameelezwa kwamba uchawi unaweza kuwemo katika hadithi yake, imani ya wanakijiji inaweza kuwemo, mauaji yanaweza kuwemo, na wahusika wanaweza kushangilia. Hadithi haitaendelea kuwekwa hapa ikiwa yenyewe, kwa namna ilivyopangwa, inamfundisha msomaji jinsi ya kumtambua bibi wa kuuawa na kuhesabu kifo chake kuwa dawa. Ameomba muda wa kuiandika upya. Hatukumwandikia mwisho mpya, na msimamizi yeyote hataruhusiwa kufanya hivyo.

Aprili, wiki ya kwanza: utani

Ripoti nyingi zaidi tunazozipata zinahusu makabila. Msukuma katika hadithi fulani ni mshamba asiyejua kupanda lifti, Mkurya ni mtu wa kupiga kwanza na kuuliza baadaye, na wenye hadithi wakiulizwa wanajibu kwamba huo ni utani.

Tumelichukulia jibu hilo kwa heshima, kwa kuwa utani ni taasisi kamili katika nchi hii. Wanyamwezi na Wagogo, au Wanyamwezi na Wazaramo, wametaniana tangu enzi za misafara ya kwenda Pwani, na mtani hana uhuru wa kusema tu. Ana wajibu pia: ndiye anayefika msibani, akafanya kazi, akamchekesha mfiwa wakati wengine hawajui la kusema. Mtani humwambia mwenzake mbele ya uso wake, na mwenzake ana haki ya kumrudishia. Mtandaoni masharti hayo huvunjika kwa urahisi. Aliyeficha jina hajulikani ni mtani wa nani, na anayesemwa mara nyingi hayupo kujibu.

Kwa hiyo rasimu haigusi mhusika mjinga, mkali au mchoyo wa kabila lolote, hata kama ni picha iliyochakaa. Ubovu wa fasihi si chuki, na msomaji aliyechoshwa anaweza kuandika maoni yake au kuifunga hadithi. Kinachokatazwa ni kuvuka kutoka kwa mhusika kwenda kwa watu halisi: kudai kwamba wanawake wote wa kabila fulani huuza miili, kwamba watu wa dini fulani wasipangishwe nyumba, kwamba wakimbizi warudishwe walikotoka kwa marungu. Maneno hayo yakitoka kinywani mwa mhusika tunarudi kwenye swali letu la msingi. Yakitoka kwenye maoni yanaondolewa, na mwandikaji anaelezwa sababu.

Nimeshangazwa na jinsi ugomvi wa wapenzi wa hadithi unavyogeuka haraka. Wasomaji walianza kubishana kama shujaa amwoe daktari au muuza samaki, na kabla ya jioni walikuwa wakitajiana makabila na dini. Kwa mabishano ya namna hiyo msimamizi amepewa uwezo wa kuugandisha mjadala, yaani maoni yaliyopo yabaki yakisomeka lakini mapya yasiingie hadi kesho yake.

Aprili, wiki ya pili: sheria

Kwa ufupi. Katiba inakataza ubaguzi katika ibara ya 13 na kulinda uhuru wa maoni katika ibara ya 18, na rasimu imejaribu kuziheshimu zote mbili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa maudhui ya ubaguzi wa rangi na matusi ya misingi hiyo katika vifungu vya 17 na 18, na uonevu wa mtandaoni katika kifungu cha 23. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu kwa sababu tunahifadhi majina ya wanaoripoti. Tishio la kumdhuru mtu anayejulikana halitasubiri kikao chetu: anayetishiwa atajulishwa mara moja, ushahidi utahifadhiwa, na atasaidiwa kulifikisha polisi kama atapenda.

Aprili, mwisho wa mwezi: namna ya kuripoti

Mwandishi wa Ukerewe amekubali kuisoma rasimu, ingawa hajaamua kama ataendelea na hadithi yake, na hakuna anayemsukuma. Mchango wake umebadilisha ukurasa wa kuripoti kuliko wa mtu mwingine yeyote. Rasimu ya awali ilimtaka anayeripoti aeleze kwa nini maneno yamemuumiza. Aliandika pembeni: "Mnataka nieleze kila mara kwa nini sitaki kuuzwa?" Kipengele hicho kimeondolewa. Sasa anayeripoti anaonyesha mahali tu, na kama anapenda anaweza kuongeza maelezo.

Ripoti itasomwa na wasimamizi wawili, na angalau mmoja wao awe ameishi katika eneo ambalo maneno yametoka au yanalolilenga. Maoni yanayomshambulia mtu yatafichwa kwanza na kujadiliwa baadaye. Hadithi haitafichwa kabla haijasomwa yote, isipokuwa inamtaja mtu halisi asiye maarufu, kama ilivyokuwa kwa yule bibi. Nakala ya kilichofichwa itatunzwa, kwa kuwa mara nyingi mshambuliaji hufuta maneno yake na kudai amesingiziwa. Mwandishi ataelezwa kifungu kilichotumika na namna ya kukata rufaa, bila kutajiwa aliyeripoti. Aliyeripoti naye atajibiwa hata kama uamuzi ni kuacha hadithi ilivyo, kwa sababu kukaa kimya humwambia mtu kwamba hakusikika.

Kwa upande wa zana, kila mwandishi sasa anaweza kufunga maoni, kuyapitia kabla hayajaonekana, kukataa ya wasiojitambulisha, na kumzuia mtu asifike kwenye kazi zake zote. Zana hizo tumezipa uzito mkubwa, ila rasimu inatamka wazi kwamba kuwepo kwake hakumwondolei msimamizi wajibu. Mtu asiambiwe "mzuie tu" wakati anatishiwa maisha.

Wasimamizi wenyewe wamewekewa utaratibu. Ripoti za ukatili mzito hazisomwi usiku wala na mtu aliye peke yake, na msimamizi hapangiwi kusoma chuki inayolilenga kundi lake mwenyewe ila kwa kutaka. Kijana mmoja aliyesoma mfululizo wa maoni kuhusu mauaji ya watoto aliniambia, "Kaka, nikifika nyumbani nashindwa kumwangalia mdogo wangu," na amepumzishwa. Mwaka 2024, taarifa za kuuawa kwa mtoto mdogo mwenye ualbino mkoani Kagera zilipoiumiza nchi nzima, mtandao ulijaa vilio pamoja na kejeli, na zamu za siku za namna hiyo lazima ziwe fupi.

Mei, wiki ya kwanza

Rasimu imeanza kutumika kwa majaribio. Lengo letu ni kuwa na toleo kamili kabla ya Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, kwa sababu kila mwaka siku hiyo huleta hadithi nzuri na ripoti nyingi kwa pamoja.

Yaliyobaki ni haya. Hadithi za watu halisi, hasa wanamuziki na wachezaji wa mpira, hazijapata kifungu kinachoridhisha. Kwa sasa tumekubaliana tu kwamba mtu asiye maarufu hatungiwi hadithi kwa jina lake. Lebo za tahadhari zinahitaji majina mafupi yatakayoeleweka kwa mtoto wa sekondari wa Misungwi bila maelezo ya ziada. Wasimamizi wanaojua Kijita na Kikerewe hawatoshi, na wapo waandishi wanaochanganya lugha hizo na Kiswahili.

Kijana wa Magu ameleta toleo jipya la hadithi yake. Bibi amebaki, macho yake mekundu yamebaki, na wanakijiji bado wanamtuhumu. Safari hii sura mbili zinasimuliwa na mjukuu wake. Mwisho haujatulia, na msimamizi mmoja bado ana wasiwasi na sura ya mganga. Itasomwa na wasimamizi wawili ambao hawakuisoma mara ya kwanza, pamoja na Mwalimu, na jibu atapewa kwa maandishi likiwa na sababu zake, lolote litakalokuwa.